Inama Kwanza, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, vuta kiti ukae. Najua una wiki kadhaa unalala na kuamka na jambo moja. Unafungua video moja, ya pili, ya tatu, unashtuka ni saa nane za usiku, macho mekundu, na bado hujaamua: uchukue kadi ya grafiki ya GTX 1650 au ya RX 6400? Ukipeleka swali kijiweni, wa kwanza anakuambia zote mbili ni takataka, wa pili anakuambia subiri miaka miwili ukusanye pesa ya kadi kubwa, wa tatu anataka kukuuzia ya kwake. Unarudi nyumbani umechanganyikiwa kuliko ulivyotoka.

Usione haya. Wengi wanaoniuliza swali hili wana hali kama yako. Wana kompyuta ya ofisi ya mtumba, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ile nyembamba iliyotoka Ulaya na stika ya namba ya kampuni bado iko ubavuni. Waliinunua kwa ajili ya shule au kazi, ikawafaa, na sasa wanataka kuitia kadi ya grafiki ili icheze gemu vizuri. Hilo ni wazo la mtu mwenye akili, kwa sababu mashine ipo, imeshalipiwa, na prosesa yake bado ina nguvu. Ninachokuombea ni usiliharibu wazo zuri kwa pupa.

Kwa hiyo kabla sijakuambia chukua ipi, nijibu mimi kwanza. Umewahi kulifungua hilo kasha? Umelilaza chini, ukatoa mfuniko, ukamulika ndani kwa tochi ya simu? Kimya hicho nakijua, nami niliwahi kukaa kimya hivyo hivyo. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kompyuta yako ndiko iliko, mvunguni mwa meza, na vumbi lake. Kadi inachaguliwa hapo chini, umepiga magoti. Dukani unakwenda kulipa tu.

Ngoja nikusimulie kilichonifika. Zamu yangu ya upatu ilifika, nikapokea pesa yangu yote mkononi. Nilikuwa na kompyuta kama hiyo yako, natamani gemu, na pia nilikuwa nakata video za harusi kwa ajili ya watu. Nikaenda mjini, nikaonyeshwa kadi yenye feni mbili, nzito mkononi, inang'aa kama sufuria mpya. Muuzaji aliniuliza swali moja tu: una shilingi ngapi? Hakuuliza itakaa kwenye mashine gani, wala mimi sikutaja. Nikalipa, nikapanda daladala nimeipakata kama mtoto.

Nyumbani kasha likakataa kufunga. Nikasema si kitu, litakaa wazi. Kisha nikaona kwenye ukingo wa kadi kuna tundu la umeme la pini sita, na pawa saplai yangu haina waya wa namna hiyo. Fundi mmoja akaniambia hilo dogo, akaniletea waya wa kuungia, upande mmoja unachomekwa kwenye plagi bapa ya diski, upande wa pili kwenye kadi. Ikawaka. Siku mbili nilifurahi sana. Usiku wa tatu, katikati ya kazi ya mteja, nikasikia harufu kama ya mfuko wa nailoni uliodondokea jikoni. Nikauchomoa waya ukutani mbio mbio. Ile plagi nyeupe ilikuwa imegeuka kahawia, imeyeyuka, imeng'ang'ania mwenzake, hata kuivuta haikutoka.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Plagi bapa ya diski imeundwa kubeba wati 54 hivi kwenye pini zake za volti 12. Tundu la pini sita la kadi linaruhusiwa kuvuta hadi wati 75. Nilikuwa nimemtwisha mtoto gunia la mtu mzima, nikategemea afike nalo sokoni. Kadi haikuwa na kosa wala mashine haikuwa mbovu. Viwili hivyo havikuwa vya kuwekwa pamoja, na mimi sikuuliza. Duka lilikataa kunirudishia pesa. Mteja nilimwomba radhi uso chini. Harufu ile naikumbuka mpaka leo, na ndiyo sababu nakushika mkono hivi. Nataka wewe ujifunze kwa maneno, usijifunze kwa moshi.

Haya, sasa tuiname pamoja. Chomoa umeme kwanza! Fungua mfuniko. Utafute boksi la chuma pale waya wa ukutani unapoingia. Hiyo ndiyo pawa saplai, na ina stika. Isome wati zake. OptiPlex 7010 ile nyembamba ina wati 240, na nyingi za aina yake zinacheza hapo hapo. Sasa piga hesabu. Prosesa kama i5-4570 ya mwaka 2013 imepangiwa wati 84. GTX 1650 inakula hadi wati 75, RX 6400 inakula wati 53. Bado kuna diski, feni, ramu, kibodi na kipanya. Kadi zote mbili zinaweza kuingia kwenye hesabu, ila moja inakuachia nafasi pana zaidi ya kupumua. Pawa saplai yenye miaka zaidi ya kumi usiikabe koo.

Uzuri wa kadi hizi mbili, na ndiyo maana watu wa mashine za ofisi hawaachi kuzitaja, ni kwamba hazihitaji waya wa pembeni. Zinanyonya umeme kupitia sloti zinapokaa, ambayo kwa kawaida inaruhusiwa kutoa hadi wati 75. Lakini hapa pana mitego miwili. Kuna GTX 1650 zilizotengenezwa na tundu la pini sita juu yake. Jina ni lile lile, sanduku linafanana, lakini hizo si zako, hata ukipewa kwa nusu bei. Tena kuna makasha membamba ambayo mtengenezaji aliibana sloti yake isitoe wati zote hizo. Kitabu cha mashine kinasema, na jina kamili la modeli limeandikwa kwenye stika ya kasha. Kwa mashine ya namna hiyo, RX 6400 ndiyo mgeni asiyekula sana, ilimradi sloti haikubanwa chini ya wati zake 53.

La pili ni nafasi. Chukua rula ya shule. Kasha jembamba linataka kadi fupi ya kimo, yenye kibamba kifupi cha chuma kule inapofungwa kwa skrubu. Kadi ya kimo cha kawaida haitaingia, na hakuna msumeno utakaokusaidia. Halafu tazama unene. GTX 1650 fupi za kawaida ni nene, zinakalia nafasi ya sloti mbili. RX 6400 zipo nyembamba kabisa, zinakalia sloti moja tu. Sasa angalia ndani ya kasha lako: hiyo sloti ndefu iko wapi? Ikiwa imekaa mwisho kabisa, bega kwa bega na pawa saplai, kadi nene haina pa kuketi. Umeona kwa nini nilikataa kukujibu harakaharaka? Mtu anaweza kukuapia kwamba GTX 1650 ndiyo bora, na akawa anasema kweli kwa mashine yake, wewe ukafika nyumbani ukabaki umeishika mkononi.

La tatu watu wengi hulipita, na ndilo linalowaliza. Kadi huzungumza na mashine kupitia njia, kama barabara. GTX 1650, iliyotoka Aprili 2019, ina njia 16 za PCIe kizazi cha tatu. RX 6400 ilitoka mwaka 2022 na imepewa njia 4 tu, ingawa ni za kizazi cha nne, zinazopitisha mara mbili ya zile za kizazi cha tatu. Kwenye mashine mpya ya kizazi cha nne, njia 4 hizo hupitisha kama GB 8 kwa sekunde. Ukiipachika kwenye mashine yako ya kizazi cha tatu, inashuka mpaka kama GB 4. GTX 1650 kwenye mashine hiyo hiyo inapata kama GB 16.

Utasema, dada, hizo ni namba tu, mimi nataka kujua gemu litakuwaje. Fikiria daladala ya saa kumi na mbili jioni yenye mlango mmoja mwembamba. Walioketi ndani hawana shida. Shida ni wanaotaka kupanda na kushuka kila kituo. Kadi hizi zote mbili zina stoo ya GB 4. Gemu likitosha humo, mambo ni shwari. Stoo ikijaa, kadi inaanza kufuata mizigo kwenye ramu ya mashine, na mizigo yote inapita kwenye mlango ule. Hapo ndipo utakapoona gemu linatembea vizuri, mara linaganda nusu sekunde, linatembea tena, linaganda, hasa unapogeuka ghafla au adui anapotokea. Utalaumu intaneti, utalaumu kipanya, kumbe ni mlango. Anayelazimika kuchukua RX 6400 kwenye mashine ya zamani, basi ashushe ubora wa picha ili stoo isijae, na atacheza kwa amani.

Utaijuaje mashine yako ni ya kizazi gani? Kwa Intel za mezani, kizazi cha nne cha PCIe kilianza na prosesa za kizazi cha 11, mwaka 2021. Kwa AMD kilianza 2019 na Ryzen 3000, tena kwa madabodi zinazokubali. Mashine za ofisi zenye i5 ya kizazi cha tatu, cha nne, cha sita, mpaka cha kumi, hazimo. Yako hiyo haimo, mdogo wangu. Usijidanganye kwamba labda.

Na kama unarekodi gemu zako uweke mtandaoni, au unakata video kama nilivyokuwa nakata mimi, sikiliza vizuri. Chipu ya RX 6400 ilibuniwa zaidi kwa ajili ya laptopu, ambako prosesa ndiyo ingebeba kazi ya kufunga video (encoding). Kwa hiyo kadi yenyewe haina kifaa cha kufunga video ndani yake. Ukirekodi huku unacheza, mzigo unaiangukia prosesa yako ya zamani, na vyote viwili vinachechemea. GTX 1650 inacho kifaa hicho. Kwa mtu wa video, hili peke yake linatosha kumaliza ubishi.

Basi nikuambie sasa, maana umekuwa msikivu. Ikiwa mashine yako ni ya kizazi cha tatu cha PCIe, ina nafasi ya kadi nene, na sloti yake inatoa wati 75, chukua GTX 1650 fupi isiyo na tundu la umeme. Ikiwa kasha ni jembamba mno, au sloti imebanwa lakini bado inatoa wati 53, chukua RX 6400 nyembamba, ukubali kushusha ubora wa picha. Ikiwa mashine ni mpya ya kizazi cha nne cha PCIe, RX 6400 itatembea vizuri bila manung'uniko. Habari ya umeme wa LUKU isikuumize kichwa: tofauti ya wati 22, ukicheza saa nne kila siku, ni uniti mbili na nusu hivi kwa mwezi. Usichague kadi kwa hilo.

Sasa kuna jambo linanikera na lazima niliseme. Najua kinachokusukuma si gemu peke yake. Ni wale wenzako. Mmoja ana RTX, kila siku anatuma picha za namba zake, na wewe unajiona mdogo. Hisia hizo ni za kweli, sikudharau. Lakini usikope kwenye simu ili ununue kadi, na ada ya chuo usiiguse. Nimewaona waliofanya hivyo. Wiki ya kwanza ni vicheko. Mwezi wa pili simu za wadai zinaingia gemu likiendelea, mtu anageuza simu kifudifudi asione, mwisho kadi inauzwa kwa hasara ili kufunika shimo. Furaha uliyoinunua kwa deni ina mwenyewe, na siku moja atakuja kuichukua.

Nikuambie ukweli mwingine hata kama unauma. Kadi hizi mbili hazitacheza kila kitu. Indiana Jones and the Great Circle, lililotoka Desemba 2024, linataka kadi yenye ray tracing na stoo ya GB 8 kwa uchache, na Doom: The Dark Ages la 2025 vilevile. Hizo ziage mapema, usije ukanunua kwa ndoto. Lakini GTA V, Valorant, Fortnite na gemu nyingi za mpira, kwa mipangilio ya kiasi, zitakupa raha ya kutosha. Kabla ya kulipa, andika gemu tatu unazocheza kweli kila wiki. Unazocheza, sio unazozitamani. Soma mahitaji ya kila moja. Mashine ya prosesa ya kizazi cha nne haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida Oktoba 2025, kwa hiyo hilo nalo liweke kwenye mizani.

Ukifika Kariakoo au popote unaponunulia, kumbuka kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Atakayekukimbilia na kadi mkononi nje ya duka, mpite na salamu. Majina ya kadi yana ujanja mwingi. Kuna RTX 3060 ya GB 12 na kuna RTX 3060 ya GB 8, jina moja, nguvu mbalimbali. Kuna RX 580 yenye maandishi 2048SP, ambayo ni dhaifu kuliko RX 580 yenyewe. Kuna hata kadi zilizoandikwa GTX 1050 Ti ambazo ndani yake ni chipu kuukuu ya mwaka 2011, imepakwa jina jipya. Ipo programu ya bure iitwayo GPU-Z. Weka kwenye flashi, uiombe iendeshwe hapo hapo dukani. Inasoma chipu yenyewe, na ikikuta kadi ya kughushi inaweka neno FAKE mbele ya jina. Itakuonyesha pia idadi ya njia na ukubwa wa stoo. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Atakayekasirika amekujibu tayari, chukua mkoba wako uondoke.

Kadi ya mtumba iendeshe kwa gemu nusu saa nzima, usiridhike na kuona picha imetokea tu. Sikiliza feni kama inakwaruza, tazama skrini kama ina vidoadoa au mistari, angalia skrubu kama zimechakaa kwa kufunguliwa mara nyingi. Omba risiti ya EFD na uandikiwe siku za kurudisha. Neno la mdomo lisikutoshe, hata kama muuzaji anakuita mdogo wake. Mimi ndiye dada yako, na mimi nakuambia chukua risiti.

Na usisahau ramu. Mashine nyingi za mtumba huja na kijiti kimoja cha GB 8. Kuongeza cha pili, vikawa viwili vinavyofanana, mara nyingine kunaleta nafuu unayoisikia upesi kuliko ulivyotarajia, hasa stoo ya kadi inapojaa na mizigo kuhamia kwenye ramu. Ikiwa pesa haitoshi vyote, anza na kadi, ramu ifuate mwezi ujao. Kupanga ni kuchagua, na kuchelewa mwezi mmoja si kushindwa.

Kama tayari umeshanunua isiyo sahihi na unasoma haya moyo ukikudunda, tulia. Hujafa, hujaumbika. Usiungeunge waya kuilazimisha, nakuomba sana. Ifute vumbi, irudishe kwenye sanduku lake, itangaze kwa bei ya haki ukieleza ukweli wake wote. Kwa mwenye kasha kubwa na pawa saplai nzima, kadi hiyo hiyo inaweza kuwa ndiyo anayoitafuta. Ile yangu ya feni mbili, baada ya kuikagua na kuona imesalimika, niliiuza kwa kijana mwenye mashine pana. Alinilipa pungufu ya nilivyotoa, na siku ile nilitembea nyumbani mwepesi kuliko siku niliyoinunua.

Kwa hiyo leo usiku usifungue video nyingine. Zima mashine, chomoa waya, lala kifudifudi chini ya meza na tochi yako, na daftari pembeni. Andika wati za pawa saplai. Andika jina kamili la modeli. Pima kwa rula kutoka kwenye sloti ndefu mpaka kitu cha kwanza kilicho karibu nayo. Andika hizo gemu tatu. Kesho ukienda dukani, muuzaji akikuuliza una shilingi ngapi, usimjibu kwanza. Mfungulie daftari.